Pumzi Chini ya Jengo la Kaunti

Kila asubuhi Joelle Sundby alimnyonyesha mwanawe Nels, akamwacha kwa mama mkwe wake, kisha akaendesha gari kwenye theluji hadi jengo la kaunti. Kazi yake ilikuwa kusajili hati za mashamba. Nels alikuwa na miezi mitatu.

Ikifika saa nne matiti yalijaa na kuuma. Alijaribu kukamua maziwa chooni, lakini watu waligonga mlango.

"Wewe humo ndani, umehamia?" mmoja aliuliza. Wengine wakacheka.

Basi Joelle akashuka hadi chumba cha chini kabisa, palipowekwa vyeti vya vifo. Ilikuwa nadra mtu kwenda huko. Alikaa juu ya sanduku katikati ya rafu, akawasha pampu yake ndogo ya maziwa. Pampu ilihema: huu, haa. Huu, haa. Taa za humo hujizima mtu akitulia. Joelle akabaki gizani na majina ya wafu. Siku nyingine alihisi kuna mwingine anayehema nyuma ya rafu. Alizima pampu, akasikiliza. Kimya.

Huko juu, minong'ono ilianza. Sauti ya pampu ilipanda kupitia bomba la kupasha jengo joto.

"Kuna kitu kinapumua chini," alisema Orville, fundi wa jengo. "Miaka thelathini niko hapa, sijawahi kusikia hiyo."

"Labda mama mkwe wako amekuja kukuchungulia," Denise wa mapokezi alimtania. Lakini yeye mwenyewe aliacha kushuka ngazi zile.

Joelle alisikia yote, akaona haya kusema ni yeye. Akawa anakamua mara moja tu kwa siku. Titi la kushoto likawa gumu, jekundu, la moto.

Alhamisi moja alishuka akitetemeka. Alipoketi, akasikia pumzi zile, nzito, karibu na sikio. Alitaka kuzima pampu. Pampu ilikuwa bado mkobani.

Orville alisikia kishindo. Akashuka na spana mkononi, akamkuta Joelle sakafuni. Akampigia simu Waneta, muuguzi wa kaunti, naye akaja mbio.

"Kulikuwa na mtu anahema," Joelle alimwambia.

"Ni wewe, dada. Una homa kali," Waneta alijibu. "Maziwa yakikaa sana, titi huvimba. Leo hii unakwenda kwa daktari. Na usiache kunyonyesha, maziwa yako hayamdhuru mtoto. Huku chini ulifuata nini?"

"Faragha."

"Huku ni kujificha. Faragha ni chumba kisicho choo, chenye mlango wa kufunga kwa ndani, kiti, umeme, na maji ya kunawa karibu. Sheria inakupa nafasi hiyo, na muda wake. Si hisani ya mtu."

Denise alikuwa amewafuata hadi mlangoni. "Tungejua, tusingecheka."

"Hamkuuliza," Waneta alisema.

Wiki hiyo Joelle na Waneta walikwenda kwa mkuu wa ofisi kudai chumba hicho. Orville akasafisha stoo moja ya ghorofa ya kwanza, akatia komeo, kiti na friji ndogo. Mlangoni wakabandika ratiba ya zamu za kukitumia.

Titi lilipona. Nels akanenepa mashavu. Hata shahidi mmoja aliyekuja na kichanga kwenye mahakama iliyomo jengoni alinyonyeshea humo.

Siku moja Joelle alikuta jina jipya kwenye ratiba, la miezi minane mbele. Lilikuwa la Denise. Hakuwa amemwambia mtu yeyote bado kuwa ana mimba.