Ujumbe kwa Rosalia

Kila Jumamosi, nikishafua sare, nilikuwa nashuka mlima wa Goba kwenda darasa la kompyuta la Mwalimu Tazim. Tulikuwa tunaandika programu kwa JavaScript, ya kuwakumbusha wagonjwa siku zao za kliniki.

"Lazima tuijaribu kwanza," alisema mwalimu. "Lakini kwa wagonjwa wa kubuni tu, Jesca. Iagize kompyuta itunge yenyewe majina, na namba zisizo za mtu."

Kuandika maagizo yote hayo! Nikaona uvivu. Mama yangu ni katibu wa jumuiya yetu ya kanisani, na daftari lake la wanajumuiya lilikuwa mezani nyumbani. Nikanakili jina na namba ya Rosalia, Jumamosi nikaenda nazo darasani. Tulikuwa tumemzika mwaka jana, kwa hiyo nikajiambia namba yake si ya mtu tena. Nikabonyeza, ujumbe ukaenda. Mjanja mie!

Jumatatu jioni, sala ya jumuiya ilipokwisha, Mama Editha hakuinuka mkekani. Alikuwa ameshika simu ya Rosalia, binti yake. Kumbe simu ile alikuwa anaichaji kila siku.

"Mwanangu ameitwa," alisema taratibu. "Someni wenyewe. 'Rosalia, tunakusubiri zahanati Jumatatu saa mbili asubuhi.' Leo nimekaa pale mpaka mchana, hakuna anayemjua."

Bi Flaviana akafanya ishara ya msalaba. "Roho yake haijatulia."

"Basi kesho naenda tena," akajibu Mama Editha.

Ningenyamaza, nani angejua? Lakini yule mama angeenda kesho, na keshokutwa.

"Mama Editha, nisamehe," nikasema huku nalia. "Ni mie niliyeutuma. Nilikuwa najaribu programu."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinitazama, kisha akasema, "Siku mbili, Jesca. Siku mbili nilikuwa na mwanangu."

Nilimweleza mwalimu yote, naye Jumamosi iliyofuata akamwalika Mama Editha darasani. Safari hii nilikuwa nimeandika maagizo yote. Nikabonyeza, likatokea jina: Tumbeka Zarawi. Nikabonyeza tena, likaja lingine.

"Huyu ni nani?" aliuliza Mama Editha.

"Hayupo, mama. Kompyuta imemtunga sasa hivi."

Mwalimu Tazim akamsogezea kiti. "Jina la mtu lina wenyewe, Jesca, hata akifa."

Mama Editha alikaa, akasoma lile jina polepole, midomo ikimcheza.

"Huyo mwite utakavyo, mwanangu," akasema. "Hana mama anayemsubiri."