Ngoma Chini ya Bibi Harusi

Ilianza na harufu, ya dagaa waliosahaulika kwenye mfuko wa nailoni, nayo ilitoka kwenye simu. Holo aliifuta kwa kanga, akanusa tena. Uvundo uleule. Ptuu!

Ilikuwa saa nne asubuhi, yuko barazani kwake, mtaa wa Picha ya Ndege. Video nzima ya harusi ya Mwanamvua, kazi aliyolipwa kuirekodi, alishaituma jana kwenye kundi la harusi. Leo alikuwa anakata kipande kifupi cha staitasi. Kwa mpangilio Holo hakuwa na mchezo: picha juu, chini yake sauti ya emsii, halafu vigelegele, halafu ngoma. Mistari minne. Leo ilikuwa mitano. Akaizima mingine yote, akausikiliza ule wa chini peke yake. Mtu alikuwa anatafuna kitu chenye majimaji, taratibu, kwa raha zake.

Akaufuta. Ukarudi, mrefu zaidi.

"Mama, nipe." Martina, binti yake wa pekee, miaka mitano, akaipokonya simu na kuilamba kioo kizima, hadi ngoma ya video ikawaka tena. Mate mazito ya njano yakavutika hadi kidevuni. Kisha akaokota mjusi mfu kando ya ukuta, akamtia mdomoni, mkia ukining'inia nje. "Tamu."

Yalaa! Holo alimtoa mjusi kwa vidole huku akitapika mwenyewe. Bi Zubeda, jirani yake mzaliwa wa Kisarawe, akaja mbio.

"Ngoma hiyo umeitoa wapi?" akanong'ona.

"Kwenu Kisarawe, bibi. Ile shughuli ya kupunga pepo niliyorekodi. Nilichukua pale ilipochangamka, nikapaweka kwenye harusi, nikaparudiarudia."

"Pale ndipo pepo anapandishwa! Na ngoma ya kumuaga?"

"Niliifuta. Simu ilikuwa imejaa."

"We Holo! Unamwita mgeni mara kumi, kumuaga humuagi? Sasa anatafuta kiti, mwili wa kukalia, na kiti ndiye huyo mtoto."

Holo ni Msukuma wa kuja. Kwake ngoma ilikuwa ngoma tu. Mchana huohuo walifika Kisarawe kwa mganga Mwinyijuma, naye akapiga ngoma ile tangu kuitwa hadi kuagwa bila kuruka pigo, na Martina akajipinda mgongo, akacheka kwa sauti ya mzee mwenye makohozi, akatapika nywele, akatapika makamasi meusi yaliyotambaa mkekani kana kwamba yana pa kwenda, hadi pigo la mwisho lilipomlaza kimya, akapumua kama mtoto wa watu.

"Sauti ile ipo kwingine?" Mwinyijuma akauliza.

Holo akalikumbuka kundi la harusi, watu mia mbili. Wakijua, nani atampa kazi tena?

"Haipo, babu. Nimeifuta."

Alasiri walishuka Picha ya Ndege. Martina alikuwa amelala begani kwa mama yake, ananukia sabuni. Kwenye saluni ya jirani akina mama walikuwa wamejazana kwenye simu moja, wanamwangalia Mwanamvua akicheza. Chini ya vigelegele ilikuwepo ngoma.

"Zimeni! Jamani, zimeni hiyo!"

Wakamcheka. Kwenye banda la chipsi simu nyingine ikaanza, video ileile. Mwili wa Martina ukakakamaa, harufu ya dagaa ikapanda, na ulimi wa moto, wenye utelezi, ukampanda Holo shingoni polepole hadi sikioni.

"Tamu."