Mke Mwenza wa Plastiki

Jambo lenyewe lilianza na maji. Mke wa Kamba alifungua stoo ya duka lao la kukodisha vifaa vya kupanda mlima, akakuta viatu vya zamani vya mumewe vimelowa chapachapa, na ndani mna chembe za barafu. Mvua haikuwa imenyesha, na ufunguo anao yeye.

"Umevitoa nje?" alimuuliza mumewe.

"Sijavigusa," Kamba alijibu, macho yasibanduke kwenye viatu.

Mama yule alikuwa na wivu, tena hakuuficha. Viatu vile aliviita mke mwenza. Vilipoingia mjini, watu walivitupa vya ngozi, ambavyo vilikuwa vikilowa na kuganda miguuni. Hivi vilikuwa na gamba gumu la plastiki nje, na ndani kiatu laini cha kuchomoa na kuanika. Wageni walivigombania. Kamba aliwaongoza watu hadi kileleni kwa jozi ile mpaka akapata jina, na kila aliposhuka aliisugua na kuibembeleza kwa maneno ambayo mkewe hakuwahi kuambiwa. Kisha vikaja viatu vyepesi, vyenye joto zaidi, na plastiki ikaishia stoo. Mkewe alimshukuru Mungu, akamnunulia vipya yeye mwenyewe.

Sasa mchana kweupe stooni ilisikika ko, ko, ko, na mlango umefungwa. Harufu ya jiwe baridi ilichanganyika na manukato ya kike. Vile viatu vipya vilikutwa vimechanwa nyuzi.

"Kesho napanda na vya zamani," Kamba alinong'ona. "Ananiita."

"Nani?"

"Tulikuwa naye huko juu miaka yote. Sikujua kama ameshuka nami."

Mkewe biashara hii aliijua: plastiki iliyozeeka haitoi dalili, hung'aa tu rafuni, halafu ikikutana na baridi kali hupasuka vipande. Mtu aliyepasukiwa na kiatu juu ya barafu harudi.

Alimwita mganga, mama wa makamo asiye na mzaha, ambaye aliishia kizingitini mwa stoo.

"Jini huyu ana wivu kukushinda, mwanangu. Alipendwa, akatupwa stoo. Anataka mume wake akafie kwake."

"Mume wake?"

"Usinikaripie mimi, ndivyo anavyosema. Naenda kuchukua dawa, jioni tutavichoma. Mpaka hapo, mguu wa mtu usiingie ndani ya viatu hivyo."

Mganga hajafika mbali, ile ko, ko ikaanza tena, safari hii ikitoka stoo kuja dukani, na baridi ikaja nayo ikipanda kutoka sakafuni mpaka magotini, na mke akageuka akamwona mumewe ameketi kwenye benchi la wateja, viatu viko mbele yake wala hakuna aliyevileta, naye anavifungua kamba taratibu, huku akitabasamu kama alivyotabasamu siku ya harusi yao, tabasamu ambalo yeye alidhani lilikuwa lake peke yake.

Hapo akili ilimruka. Wivu ulimpanda hata hofu ikakosa pa kukaa. Alivinyakua viatu akaitumbukiza miguu yake mwenyewe. Vilikuwa vikubwa mno. Vikajibana taratibu, vikamkaa sawasawa.

"Haya," alimwambia mumewe akihema. "Sasa utapanda na nini?"

Mganga aliporudi aliitazama miguu ile, akasema, "Mwanangu, nilikuambia," akaondoka na dawa yake. Viatu havikuvulika tena, si kwa sabuni wala kwa kisu.

Kamba hakupanda mlima kesho yake, wala hajapanda tangu hapo. Ni mzima, yuko nyumbani, kama mkewe alivyotaka. Kila jioni huketi sakafuni, akaipakata miguu ya mkewe, akaisugua kwa kitambaa na kuyasema yale maneno matamu, yote, bila kubakiza. Mkewe hufungua kinywa amjibu, lakini anayejibu ni yule mwingine.