Yuniti Sitini

Kila Mastura alipomdunga mama yake sindano ya kisukari, kulikuwa na mtu anameza. Si mama; yeye, Bi Mwanamkasi, alikuwa amefumba midomo. Sauti ilitoka chini ya ngozi ya tumbo, pale pale sindano ilipochoma, kisha chumba kikanuka halua.

Zamani yuniti kumi za dawa zilitosha. Zikaacha kufaa, daktari akapandisha hadi ishirini, sukari ikashuka kidogo, mmezaji akameza kwa pupa. Arobaini. Sitini. Mama alikonda akabaki mifupa na macho, na Mastura, binti pekee, akawa analilia jikoni, bomba likimwaga maji asisikike.

"Dawa haina kosa, mwanangu," alinong'ona Maalimu Idarusi, mganga wa Tongoni aliyeletwa nyumbani kwao Raskazone alasiri moja. "Ina mshirika."

Akafukiza ubani, akasoma, hadi kinywa cha mama kikatoa sauti nene ya kiume.

"Nitatoka. Nina sharti."

"Litaje."

"Huyu nampenda. Dawa yake msiipunguze hata tone."

Mastura aliapa upesi. Sharti dogo namna ile! Majini wengine hudai mbuzi mweusi. Harufu ya halua ikapotea, na mama akaomba wali, mara ya kwanza tangu Ramadhani. Mastura akakimbilia jikoni kuinjika chungu.

Magharibi, wali ukiwa jikoni, alidunga sitini akatega sikio. Hakuna aliyemeza. Alimshukuru Mungu.

Wali haujaiva, mama akaanza kutota jasho, mikono ikamtetemeka, ulimi ukawa mzito, akamwita binti yake kwa jina la dada yake marehemu, na Maalimu, aliyekwisha kuyaona hayo kwa wenye majini wengi, akasema amerudi huyu, akaongeza ubani, akasoma kwa sauti kuu juu ya kilio cha Mastura, akasoma na kusoma huku mama akipoa mikononi mwao, mpaka Mastura alipokumbuka mashine ya kupimia sukari na kumtoboa mama kidole.

Moja nukta mbili. Sukari ilikuwa imekaribia kwisha mwilini.

"Hajarudi, Maalimu," alisema. "Ameondoka kweli. Zote sitini zimebaki kwa mama peke yake."

Alikimbilia kopo la sukari, akammiminia mama mdomoni kwa kiganja. Meno yalikuwa yamefungana. Punje zilikaa juu ya midomo, na mama hakuziramba.