Waliozibiwa Mlango wa Mchanga

Kwacha. Kwacha. Halafu kimya, halafu tena kwacha, kama mfuko wa nailoni unaovutwa ndani na kupulizwa nje na mtu aliyeuvaa usoni. Nuria alimulika kurunzi chini ya kitanda, nyuma ya mtungi, juu ya kabati. Mfuko hakuna. Akamwinamia mwanawe, akajua sauti inatoka wapi.

"Baba Mukhtar, amka! Sikiza mtoto anavyopumua."

"Mafua hayo," mumewe Shee alisema, macho kafumba. "Mpake mafuta kifuani, ulale."

Mafua! Mafua gani yananuka nailoni iliyoungua? Kulipokucha midomo ya mtoto ilikuwa na mchanga, Nuria akaupangusa kwa ncha ya leso, akampa ziwa, alipomtoa ziwani mchanga ukawa upo tena, mkavu, unatoka kooni. Zahanati wakasema kifua ni kisafi. Kisafi! Na mtoto mwenyewe, miezi saba, alikuwa amelala chali anakwaruza hewa kwa mikono miwili, kama anayechimba kwenda juu.

Nuria alisoma Garsen mpaka kidato cha nne, na mambo ya kupunga majini alikuwa akiyacheka. Siku hiyo hakucheka. Alasiri Bi Abdia, fundi wa kupunga wa Kipini, alikuja na chetezo chake, akatia ubani kwenye makaa, ukapanda moshi mweusi wenye harufu ile ile ya nailoni.

"Ala! Yule muuza duka kaniuzia takataka?" Bi Abdia alianza kwa mzaha wake, kisha mzaha ukamkauka. Akashusha sauti. "Karibu, mgeni. Sema utakacho. Marashi? Halua? Kuku mwekundu? Utapewa, mwache mtoto."

Ushungi wa Bi Abdia ukamnata usoni, ukavutwa mdomoni, ukatoka, ukavutwa tena, kwacha, ingawa ulikuwa wa pamba tupu, na sauti iliyotoka nyuma yake haikuwa ya Bi Abdia.

"Sitaki vyenu. Wanangu walikuwa njiani kutoka. Mmewaziba mlango. Nipeni jina la aliyewaziba, nimwache huyu."

Bi Abdia aliporudiwa na fahamu aliusukuma ushungi mbali na mdomo. "Mwanangu, jina mimi sina. Liko humu humu nyumbani mwako."

Nuria akamgeukia mumewe. Shee alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Shee ndiye kiongozi wa kikundi cha kusafisha ufuo. Tangu mafuriko ya El Nino, mto Tana ulikuwa umetapika pwani takataka za bara yote, na kasa walikuwa wanakufa matumbo yamejaa nailoni. Basi kikundi kikaokota, wakajaza magunia, wakasifiwa hadi msikitini.

"Yale magunia yalikwenda wapi?" Nuria aliuliza.

"Garsen. Kwa lori. Si nilikwambia?"

"Barabara ya Garsen ilikuwa imekatika, Baba Mukhtar! Mimi nilishindwa kwenda kumzika shangazi yangu. Lori lako lilipita wapi, mbinguni?"

"Punguza sauti..." Akachungulia dirishani. "Wageni wa msaada walikuwa waje na boti kutupiga picha. Tukayafukia. Pale juu, maji yasipofika. Mchanga ulikuwa mwororo, jembe linaingia lenyewe."

"Mwororo kwa nini?"

Shee akageukia mlango.

"Mwororo kwa nini, wewe mlinzi wa kasa?"

"Tuliona alama za mapezi," Shee alinong'ona. "Kasa alikuwa ametaga. Nikasema mayai yako chini sana, hayatadhurika."

Nuria akainuka. Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua jembe, akatoka kwenye jua kali lile, na Shee nyuma yake anabembeleza, na walipofika akalima kwa hasira, akatoa gunia, akatoa jingine, akatupa jembe akachimba kwa kucha mpaka akawafikia, watoto wa kasa wamepandana, wote vichwa juu, wote wamekufa wakichimba, nailoni iliyochomoka kwenye magunia imewaganda midomoni, na mgongoni mwake kwacha ikawa fupi, ikawa ya mbali, akampakata mwanawe akaona midomo imegeuka buluu.

Shee alikuwa anaburuta gunia kuelekea mikokoni. Hakuona mkewe akiinama ndani ya shimo, mdomo karibu na mchanga, akitaja jina. La mtu na la babake. Na upande wa kitanda anaolala.

Mukhtar akalia. Kilio cha mtoto, kikali, kizima.

Njiani kurudi Shee alikuwa anacheka kwa faraja. "Umeona? Kapona. Basi yaishe, Mama Mukhtar. Usimwambie mtu, kikundi kitavunjika, nitauweka wapi uso wangu?"

"Sitamwambia mtu mwingine."

"Mwingine?" Alisimama. "Kwani ushamwambia nani?"

Akavuta pumzi angoje jibu. Kwacha, kifua chake kikasema. Akajipangusa mdomo, akautazama mchanga kiganjani.

Nuria alimfunika mtoto vizuri, akaendelea kutembea.

"Naapa, Baba Mukhtar. Mwingine simwambii."