Dakika Arobaini za Kisasi

Kila asubuhi, kabla basi la njano la shule halijafika kwenye njia panda ya shamba letu, nilikuwa nimekwisha kuwalisha kuku, nimekunywa maziwa ya moto, na nimemchukia Kendra Lindholm kwa dakika kumi nzima. Hilo la mwisho nililifanya kwa bidii kuliko yote. Jikoni kwa bibi yangu Ludmila, karibu na jiko, kulikuwa na msumari mtupu ukutani. Niliupigilia mwenyewe mwezi wa Agosti ili nitundike utepe wangu wa zambarau.

Katika maonyesho ya kilimo ya kaunti yetu, utepe wa zambarau ndiyo tuzo ya juu kabisa. Mimi, Tessa Vavra, nikiwa na miaka kumi na miwili, niliupata kwa kolachi zangu, ile mikate midogo laini ya mviringo yenye tunda la plamu katikati. Kwetu sisi Wamarekani wa asili ya Kicheki, hapa jimboni Nebraska, harusi isiyo na kolachi si harusi. Nilikaa na utepe ule siku moja tu. Kesho yake Kendra aliwaendea waamuzi akawaambia, "Zile kapika bibi yake. Mtoto gani anaweza kukanda unga namna ile?"

Waamuzi wakaniita na kuniuliza. Nikalia badala ya kujibu, nao wakadhani machozi yale ni kukiri kosa. Utepe wakampa aliyekuwa wa pili. Wa pili alikuwa nani? Kendra huyo huyo, na mkate wake wa mdalasini uliokauka kama kuni. Siku ile niliapa kwamba atanilipa.

Rafiki yangu Maribel Ortega, tuliyekaa naye kiti kimoja katika basi, alikuwa amechoka kunisikiliza.

"Tessa, kuna jambo nataka nikuombe," alianza Jumatatu moja asubuhi, mwezi wa Novemba.

"Ngoja kwanza. Jana ulimwona anavyotembea? Utadhani kanunua shule!"

Maribel akageukia dirishani kuyatazama mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Mimi niliendelea kusema mpaka basi likafika shuleni.

Silaha yangu ilitoka kwa Mwalimu Ostrander, aliyetufundisha historia na kulisimamia baraza la wanafunzi. Alikuwa ametueleza kwamba katika Seneti, kule Washington, seneta aliyepewa nafasi ya kusema anaweza kuendelea atakavyo, maadamu amesimama na hanyamazi. Wapo waliowahi kusoma hata mapishi ili kura isipigwe. Baraza letu lilipendezwa na kanuni hiyo, likaiandika katika kanuni zake. Hakuna aliyekuwa amewahi kuitumia. Mimi niliisoma mara tatu, nikacheka peke yangu.

Baraza lilikutana Jumatatu hiyo mchana. Mimi nilikuwa mwakilishi wa darasa la saba A, Kendra wa saba B. Ilipofika saa nane na dakika arobaini Kendra alisimama na karatasi yake.

"Napendekeza tuiombe bodi ya shule iweke basi la pili, la saa kumi na nusu, kwa wanaokaa mashambani," alisema. "Wanaotaka masomo ya ziada hawawezi kubaki, maana basi lao linaondoka saa tisa na nusu. Bodi inakutana leo jioni. Tusipopitisha leo, mpaka mwakani."

Nilimkodolea macho. Kendra anakaa ng'ambo ya barabara, akipiga chafya nyumbani kwao tunamsikia darasani. Basi la nini? Alitaka kupigiwa makofi tu, kama alivyoutaka utepe wangu. Nikanyosha mkono.

"Mwenyekiti, nina machache ya kusema."

Nilifungua kitabu kinene cha mambo ya Marekani nilichokiazima maktaba. Nikawaambia kwamba rais wetu wa kwanza hakuwahi kukaa Ikulu, maana ilikuwa haijamalizika kujengwa. Nikawaambia kwamba Alaska ilinunuliwa kutoka kwa Warusi kwa senti mbili hivi kwa kila ekari, na kwamba Nebraska ndilo jimbo pekee lenye bunge la chumba kimoja. Watu walicheka niliposoma juu ya rais aliyeletewa rakuni, mnyama wa porini mdogo kama paka, wa kuliwa Sikukuu ya Shukrani, akamfuga badala ya kumchinja. Baada ya robo saa walikuwa hawacheki tena.

"Tessa, inatosha!" Kendra alipaza sauti. "Mwalimu, mwambie akae!"

"Kanuni mliitunga wenyewe," Mwalimu Ostrander alijibu, ingawa uso wake haukufurahi. "Maadamu amesimama."

Nilikuwa nimesimama kweli, na miguu iliniuma kwa raha. Nilisoma kwamba marais watatu kati ya watano wa kwanza walifariki tarehe nne Julai. Nikasoma jinsi rais wa pili na wa tatu walivyonuniana miaka mingi, mpaka mmoja akamwandikia mwenzake barua fupi, wakapatana, na mwisho wakafa siku moja. Habari hiyo niliipita mbio kama nyingine. Macho yangu yalikuwa kwa Kendra, aliyekuwa mwekundu mpaka masikioni, na kila alipoitazama saa ya ukutani moyo wangu ulizidi kuburudika. Maribel alikuwa ameketi kwenye benchi la wageni huko nyuma, akitikisa kichwa. Nilidhani anastaajabia ushujaa wangu.

Kengele ikalia. Muda ulikuwa umekwisha, na kura haikupigwa.

"Umeona?" nilimwambia Maribel mlangoni, nikihema. "Nimemkomesha!"

Maribel hakutabasamu. "Ombi lile niliandika mimi," alisema. "Nafeli hesabu, Tessa. Bila masomo ya ziada narudia darasa. Mama anatoka kiwandani saa kumi na moja, hana namna ya kunifuata. Mimi naogopa kusema mbele za watu, ndiyo maana Kendra akanisomea."

"Sasa kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nimejaribu mara ngapi? Kila nikifungua mdomo unanijibu utepe!"

Akaondoka, akaenda kukaa kiti cha mbele kabisa katika basi, peke yake. Nilibaki nimekumbatia kile kitabu. Nilikuwa nimemrushia Kendra jiwe, likampata Maribel.

Mwalimu Ostrander alikuwa akifunga madirisha. "Jioni, bodi huwapa wananchi nafasi ya kusema," alisema bila kunigeukia. "Mtu yeyote, hata mtoto. Dakika tatu. Ila huko hakuna kanuni yako, saa ikilia unakaa."

Jioni Bibi alinipeleka kwa gari lake la mizigo. Njiani nilimweleza yote. Ukumbini nilimkuta Kendra, na Maribel pamoja na mama yake, ambaye alikuwa bado amevaa buti za kazini. Jina langu lilipoitwa, nilikisogelea kipaza sauti.

"Baraza la wanafunzi halikulikataa ombi la basi," nilisema. "Nililizuia mimi. Nilisema dakika arobaini ili kura isipigwe, kwa sababu nilitaka kulipa kisasi. Basi lenyewe nilikuwa sijalifikiria hata kidogo. Wanaolihitaji wapo hapa. Wasikilizeni wao, msiwaadhibu kwa kosa langu."

Nilikaa kabla dakika moja haijaisha. Ndipo Maribel aliposimama, akasema ya kwake mwenyewe hadi saa ilipolia. Wajumbe wa bodi waliulizana maswali, kisha wakanyosha mikono. Watano kati ya saba walikubali basi lijaribiwe mpaka Mei. Maribel, aliyekaa karibu nami, alinishika mkono, akanifinya kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Nje, Kendra alinisubiri kwenye ngazi. "Usidhani tumekuwa marafiki," alisema. "Na bado nasema zile kolachi kapika bibi yako."

Ngumi zilinikunjika zenyewe. Lakini Bibi alitangulia kujibu, kwa upole unaotisha.

"Jumamosi, saa mbili asubuhi, njoo jikoni kwangu, binti. Wewe utakaa kiti kimoja, mimi kingine, na wote wawili tutafumbata mikono."

Kendra alikuja. Nilikanda unga mbele ya macho yake, nikauacha uumuke, nikauviringa, nikajaza plamu, nikaoka. Bibi hakugusa hata chumvi. Kendra alikula kolachi ya kwanza, akala ya pili, na alipomaliza ya tatu alijifuta vidole polepole.

"Nilidanganya," alisema akitazama meza. "Sikuwa na hakika, nikasema kama niliyeona. Nitawaandikia waamuzi."

Alipoondoka, nilitaka kuruka kwa furaha, ila Bibi alinikalisha kwenye kiti kile kile.

"Mjukuu wangu," alisema, "mtu akikudhulumu, dai haki yako kwa mdomo, tena papo hapo. Kisasi hakichagui wa kumpiga. Mbele ya waamuzi ulikuwa na la kusema, ukanyamaza. Mbele ya wenzako hukuwa na la kusema, ukasema dakika arobaini."

Kisha akachukua kitambaa cha kufutia vyombo, akakitundika kwenye msumari wangu.

"Mpaka utepe utakaporudi," alisema, "na huu msumari nao ufanye kazi."