Fimbo ya Shangazi Breki

Kila asubuhi ya siku ya shule, Shangazi hupiga honi mara mbili tu. Ya kwanza maana yake "nimefika", ya pili maana yake "naondoka", na kati ya hizo mbili huna hata muda wa kufunga kamba za viatu. Mimi naishi naye nyumba moja, kwa hiyo ndimi ninayepaswa kuwa wa kwanza kupanda basi la shule analoliendesha. Lakini wapi! Siku nyingine nimepigiwa honi bado nina mkate mdomoni.

"Shikamoo Shangazi!" husema kila mtoto anapopanda.

"Marahaba. Kaa, funga mkanda."

Nikipanda mimi, huongeza: "Funga na mdomo." Jina langu la utani ni Chiriku, na sikupewa bure.

Yeye naye ana jina lake. Watoto wote humwita Shangazi Breki, kwa sababu hata kuku akivuka njia, yeye husimamisha basi na kumngoja amalize mambo yake. Hatujawahi kupata ajali, wala kuchelewa, isipokuwa siku moja tu.

Mwaka jana mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Tulipofika karibu na daraja, maji yakaingia kwenye injini na basi likazimika. Shangazi alivua viatu, akawabeba watoto wadogo mgongoni mmoja mmoja hadi pakavu. Wa mwisho nilikuwa mimi. Sikuwa mdogo, ila siku hiyo nilikuwa na homa na miguu haikuwa na nguvu. Tukiwa katikati ya maji, Shangazi akateleza. Alidaka chuma cha daraja kwa mkono wa kulia na hakuniachia. Mimi sikulowa hata soksi. Bega lake la kulia ndilo lililoteguka.

Alikaa nyumbani miezi kadhaa. Daktari akamruhusu kurudi kazini, lakini alimkataza kunyanyua vizito na kuinua mkono ule juu ya bega. Basi la siku hizi lina usukani mwepesi, kwa hiyo kazi aliiweza. Kilichomshinda ni furaha yake ya Jumamosi.

Shangazi ana kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja. Zamani kila Jumamosi alikwenda nacho ziwani kuvua kwa chambo bandia, yaani visamaki vya plastiki vya rangi rangi. Unakirusha mbali, unakivuta polepole, na samaki anadhani ni kitoweo kinachokimbia. Fimbo yake ya kuvulia ilikuwa ya zamani, nzito kama mchi. Baada ya kuumia hakuiweza tena, na kayaki ikabaki nyuma ya nyumba ikijengewa utando na buibui.

Wazo lilitoka kwa kiranja wa basi. "Jamani, huyu mama alitubeba," alisema siku moja Shangazi aliposhuka kukagua matairi. "Tumchangie fimbo nyepesi."

Wote tukakubali, hata wa darasa la kwanza. Kila mtoto alitoa alichonacho, na kazi ya kuchagua nikapewa mimi kwa sababu naishi naye. Kiranja alinikabidhi mchango wetu akaniambia, "Chiriku, tunakuamini." Kichwa changu kikavimba kama andazi.

Duka la vifaa vya kuvulia lilikuwa karibu na soko. Mwenye duka aliitwa Bwana Maswali, na ndani ya dakika moja nikajua kwa nini.

"Hiyo ya buluu inayong'aa nimeipenda," nilisema.

"Nani atakayeitumia, wewe au shangazi yako?" aliuliza, miwani ikiwa imening'inia kifuani kwa uzi. "Atavua amesimama au amekaa?"

"Amekaa. Kwenye kayaki."

"Basi niletee mambo matatu. Kwanza, kutoka kiti cha kayaki hadi ncha ya omo, ile pua ya mbele, ni umbali gani? Samaki akipita chini ya kayaki kwenda upande wa pili, fimbo lazima ifike mpaka mbele ya omo ili mshipi, ule uzi wa kuvulia, uzunguke. Ikiwa fupi, mshipi utasuguana na kayaki ukatike. Pili, kutoka kiwiko chake hadi ngumi ni sentimita ngapi? Mpini ukiwa mrefu utanasa kwenye jaketi lake la kuelea. Tatu, anarushia mkono gani? Hii rili, kigurudumu cha kukunjia mshipi, kishikio chake tunakifunga upande wa mkono ule mwingine."

Maswali yote hayo kwa ajili ya fimbo! Nikaona nimpe dawa yake. "Lakini wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima."

Bwana Maswali alicheka mpaka miwani ikamgonga kidevu. "Walimwambia mvivu anayechagua jembe mpaka jua linazama! Nenda kapime, binti."

Jioni nilianza vizuri, Mungu ni shahidi wangu. Nilichukua kamba, nikaketi kwenye kayaki, nikaipima kutoka kitini hadi ncha ya omo, nikafunga fundo. Kisha nikasikia wenzangu wakiniita nje. Timu ilikuwa pungufu, na bila mimi mpira usingeanza.

Shangazi alikuwa jikoni. Kumpima mkono bila yeye kushtuka kulihitaji ujanja, na ujanja ulihitaji muda. Nikachukua kalamu, nikiwa na kiatu kimoja mguuni, nikaandika: "Mkono, sentimita hamsini. Anarushia kulia." Nilijiambia, kwani nani harushi kwa mkono wa kulia? Nikakimbia nje. Tulishinda mabao matatu.

Kesho yake Bwana Maswali alivaa miwani, akasoma, akaivua. "Hamsini? Kutoka kiwiko hadi ngumi? Shangazi yako ni mtu au nguzo ya taa?"

"Ni mrefu sana," nikasema.

"Umempima?"

"Nimempima."

Uongo ndivyo ulivyo. Ukimzaa mmoja, jiandae kulea na wajukuu. Bwana Maswali alipima kamba yangu, akashusha fimbo nyepesi ya kijivu yenye urefu wa kutosha na mpini mrefu, akafunga kishikio cha rili upande wa kushoto, akanifungashia.

Ijumaa mchana, kabla basi halijaondoka shuleni, tulimpa. Shangazi aliishika ile fimbo kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Alifuta macho kwa mkono wa shati.

"Wanangu, nawashukuru. Sina cha kuwalipa. Na wewe Chiriku, umenipima lini mama, hata sikujua? Ahsante sana, mwanangu. Kumbe mdomo wako una kazi na macho yako yana kazi!"

Basi zima likanipigia makofi. Mimi nilitazama chini ya kiti cha mbele. Shukrani ile ilinichoma kuliko kiboko, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusafiri kutoka shule hadi nyumbani bila kusema neno.

Jumamosi tulikwenda ziwani. Nilimsaidia kusukuma kayaki, kisha nikaketi kwenye gati la mbao. Shangazi alipiga kasia taratibu, hakwenda mbali. Alishika fimbo kwa mkono wa kushoto, akajaribu kurusha. Mpini ukanasa kwenye jaketi. Akaunasua, akarusha tena. Mara hii chambo kilifika, lakini alipotaka kuvuta, kishikio cha rili kilikuwa upande uleule wa mkono ulioshika fimbo. Akabadilisha, akashika fimbo kwa kulia, akainua mkono.

"Mama yangu wee!"

Fimbo ilimponyoka ikaangukia mapajani. Alikaa pale akiwa amelishika bega lake, na mimi kwenye gati nikawa nimesimama bila kujua nimesimama lini.

Aliporudi ufukoni alikuwa anatabasamu, tabasamu lile la kumdanganya mtoto kwamba sindano haiumi.

"Fimbo ni nzuri sana," alisema. "Ubaya ni wangu mimi, nimeshazeeka. Tutaitundika sebuleni, nitakuwa naitazama na kuwakumbuka. Na kayaki tutafute mtu wa kumpa."

Angeacha ziwa kwa sababu yangu, na angejilaumu mwenyewe siku zake zote.

"Shangazi, hujazeeka," nikasema, na machozi yakatangulia maneno. "Sikukupima. Nilipima kayaki tu. Mkono nilibuni, na upande nilibuni, kwa sababu nilitaka kwenda kucheza mpira. Nikamwambia Bwana Maswali nimekupima. Nisamehe, Shangazi."

Shangazi alivua jaketi, akalikung'uta maji, akalikunja. Nilitamani anigombeze.

"Ingia kwenye gari," alisema mwishowe. "Duka halijafungwa."

Bwana Maswali alitutazama sote wawili, akaitazama fimbo. Nilimweleza yote, bila kupunguza. Ukutani kwake kulikuwa na kibao: MALI IKITOKA HAIRUDI. Alinionyesha kwa kidole.

"Kubadilisha siwezi, imeshaonja maji. Ila kurekebisha ndiyo kazi yangu. Urefu umepatia, tushukuru. Mpini nitaukata." Akanirushia utepe wa kupimia. "Lakini atakayepima ni wewe."

Nilimpima Shangazi kutoka kiwiko hadi ngumi. Sentimita thelathini na nne.

"Na anarushia mkono gani?"

Nilitaka kumuuliza Shangazi, kisha nikamtazama. Mkoba ulikuwa bega la kushoto. Kikombe cha chai alichokaribishwa kilikuwa mkono wa kushoto. Nikakumbuka kwamba nyumbani humimina chai kwa kushoto, huchana nywele kwa kushoto, hufungua mlango kwa kushoto, na kila siku huuzungusha mwili mzima ili kuchukua kikombe ninachomwekea kulia. Mwaka mzima nimekaa naye meza moja, nikiongea.

"Kushoto," nikasema.

"Tangu lini?" akauliza Bwana Maswali.

"Tangu siku ile ya mvua."

Shangazi akaniwekea mkono begani, na ulikuwa wa kushoto.

Bwana Maswali alifungua kishikio cha rili, akakihamishia upande wa kulia. Kazi hiyo haikuchukua hata dakika mbili. Kisha akakata mpini kwa msumeno mdogo, akausugua kwa msasa, akaupaka gundi na kurudishia kifuniko cha nyuma. "Hapa kiwiko cha kulia atakibana ubavuni azungushe tu. Kurusha ni kazi ya kushoto. Msiitumie mpaka gundi ikauke vizuri." Kisha akanigeukia. "Na wewe mwanafalsafa, mchagua jembe si mkulima, eti? Wewe hukuchagua jembe, wala hukulima!"

Shangazi alicheka, na mimi nikacheka na kamasi zangu.

Jumatatu nilisimama mbele ya basi na kuwaambia wenzangu. Nilikuwa nimejiandaa kuzomewa. Kiranja akasema, "Tulikuamini, Chiriku."

"Najua."

"Sasa fimbo imepona?" akauliza mtoto mmoja wa darasa la kwanza.

"Imepona," akajibu Shangazi akitutazama kupitia kile kioo cha juu, kinachomwonyesha kila mtu. "Sikilizeni, wanangu. Mnajua kwa nini mliamua kunipa zawadi? Kwa sababu mliniona nimeumia. Kumshukuru mtu kunaanza na kumwona. Kazi ya kumwona ukiifanya nusu, na nusu ukaibuni, hata zawadi nzuri inamuumiza. Chiriku alikosea, lakini akasema ukweli kabla sijagawa kayaki yangu. Kwa hilo namshukuru, na safari hii shukrani ni haki yake. Haya, mikanda!"

Jumamosi iliyofuata nilikuwa tena kwenye gati. Shangazi alirusha kwa kushoto, na mpini haukugusa jaketi. Alirusha mara ya pili, ya tatu, ya kumi. Kisha fimbo ikajikunja, rili ikalia, na samaki akapita chini ya kayaki kwenda upande wa pili. Shangazi akainama mbele, akanyoosha fimbo, na ncha yake ikaivuka omo ikiwa na nafasi ya kiganja. Mshipi ukazunguka bila kugusa chochote.

"Chiriku!" alipiga kelele mpaka ndege wakaruka. "Kamba yako haikudanganya!"

Alikuwa samaki wa kumtosha kiranja na familia yake, na kwake ndiko tulikompeleka.

Jioni ile niliandaa meza. Nilimimina chai, nikaweka kikombe cha Shangazi upande wa kushoto. Alikitazama, akanitazama mimi, akakichukua bila kujizungusha.

"Ahsante, mwanangu," alisema.

Mimi, Chiriku, sikuongeza neno.